Daftari la Bendera ya Njano

Jumamosi, 12 Aprili 1986

Leo nimepanda kizimba cha bendera kwa mara ya kwanza mwaka huu, na nimeogopa vilevile kama mwaka juzi nilipoanza. Mzee Hobart, mwenye uwanja huu wa mbio za magari, amenikabidhi daftari jipya.

"Kila ukitoa njano, andika. Raundi ya ngapi, nani, kwa nini. Wakija kubishana, huna haja ya kupayuka. Unafungua daftari."

Hobart alipunga bendera hapa miaka ishirini na sita, mpaka nyonga ikamkatalia ngazi. Nilichukua mimi kwa sababu kiwanda cha soksi ninakofanya kazi hakifunguliwi Jumamosi na kwa sababu hakuna mwingine aliyekubali kuning'inia juu ya magari yanayopita kwa kasi ile. Nilidhani nitazoea. Wapi!

Daftari hili la pili nimelinunua mwenyewe. Ni la mambo yasiyofaa kuingia katika lile la Hobart.

Njano tatu. Mdogo wangu Denzil aliongoza raundi arobaini, akamaliza wa tatu.

Jumamosi, 19 Aprili

Mvua. Hatukukimbia. Nimelala kama mtoto.

Jumapili, 27 Aprili

Tumetoka kanisani tukaenda kula kwa Denzil. Mkewe Twila ananipakulia maharage huku ametabasamu kwa mdomo tu.

"Wifi, jana ulitoa njano ngapi?"

"Nne."

"Na mume wangu alikuwa anaongoza mara ngapi kati ya hizo?"

"Nne."

"Aa. Nauliza tu."

Denzil akacheka mdomo umejaa mkate wa mahindi. "Mwacheni dada yangu. Akiona jani limeanguka kona ya tatu, anapunga."

Nikacheka nao. Wana haki ya kununa, hilo ndilo linaloniudhi. Denzil ni mtu wa mwendo mrefu. Anayalea matairi yake, na wenzake wakianza kuteleza yeye ndiyo kwanza anakaza. Mwanya wake unakua kidogo kidogo, raundi kwa raundi, mpaka unafika robo ya uwanja. Halafu mtu mmoja huko nyuma anateleza na kugeuza gari bila kutaka, mimi napunga njano, na mwanya wote unakwisha. Wote wanapunguza mwendo, wanajipanga nyuma yake pua kwa mkia, na kijani ikitoka wanaanza upya kana kwamba hakufanya kitu. Hapo ndipo anapomkuta Lonnie Puckett. Lonnie hana subira ya raundi hamsini, lakini bendera ya kijani ikishuka anachomoka huyo, usiulize.

Miaka minne mfululizo Denzil amemaliza msimu akiwa wa pili. Koti jekundu la ubingwa la marehemu baba linaning'inia chumbani kwake, na Twila ameacha nafasi ya msumari mmoja pembeni.

Jumamosi, 10 Mei

Njano mbili. Mwanamke mmoja jukwaani alinirushia kikombe cha soda. Hakunipata.

Jumamosi, 17 Mei

Leo nimeogopa kweli. Magari matatu yaligongana mbele yangu, na tairi likaruka likapita usawa wa kifua changu. Sikumbuki kuinua mkono, ila bendera ilikuwa inapepea na wote walipunguza, hakuna aliyeumia. Nilishuka nikatapika nyuma ya choo.

Hobart alinikuta nimekaa chini. "Umefanya vizuri. Mkono wako umetangulia kichwa chako. Hivyo ndivyo inavyotakiwa."

"Na yule anayegeuza gari halafu anaondoka mwenyewe? Huyo naye nimtolee?"

"Huyo unampa muda kidogo. Ukimtolea kila mtu, hatutamaliza mashindano."

"Muda gani, mzee?"

"Utajua."

Utajua! Nimechukia jibu hilo. Barabara hii ina magari ishirini na mawili, raundi moja ni sekunde kumi na nane, hakuna taa kwenye kona, nipo mimi tu, kati ya kona ya nne na ya kwanza, na vitambaa vyangu. Na natakiwa "nijue".

Jumamosi, 31 Mei

Njano tano. Denzil aliongoza, akamaliza wa nne. Amepita mbele yangu uani kwa mafundi, hakunisalimia.

Jumamosi, 7 Juni

Njano nne. Lonnie kashinda tena. Alinipungia mkono kwa adabu akaniita "Bi Arvella". Sijui kwa nini adabu yake inanikera. Ana miaka thelathini, ana meno yote, na anajua kunyamaza akishinda.

Jumamosi, 14 Juni

Nataka kuandika hili kabla sijajidanganya.

Raundi ya sabini kati ya themanini, Denzil mbele kwa mwanya mzuri. Gaylon Musick akageuza gari kona ya nne. Gaylon ana miaka hamsini na tisa, zamani aliendesha basi la shule, na anakimbia kwa kuwa anapenda tu. Yuko mkiani kila wiki na kila wiki huniletea kitu: nyanya, mayai, mara moja kuku aliyekwisha chinjwa. Huzunguka, hucheka, huwasha, huondoka. Basi leo amezunguka, na mkono wangu uliokuwa unapanda nikauzuia. Nikahesabu. Moja. Mbili. Gari likanguruma, akaondoka akinipigia saluti.

Denzil ameshinda. Watu wote wanasema Arvella sasa amekomaa, hatishwi na upuuzi. Hata yule wa kikombe cha soda alinipongeza.

Lakini mimi najua nilikuwa natazama nini nilipohesabu. Sikuwa namtazama Gaylon. Nilikuwa nautazama ule mwanya.

Jumamosi, 21 Juni

Njano moja. Denzil wa kwanza. Twila kaniletea keki.

Jumamosi, 28 Juni

Njano mbili. Nilisubiri mara moja, mpaka tatu. Hakuna kilichotokea.

Jumamosi, 12 Julai

Saa kumi na mbili jioni, jua bado lipo. Nimenawa mikono mara sita.

Mchungaji aliomba kwenye kipaza sauti kama kawaida, kofia zote zimevuliwa. Joto la kutoa roho. Mpaka raundi ya sitini hakukuwa na njano hata moja, jambo ambalo sijawahi kuliona, na Denzil alikuwa mbele ya wote kwa nusu nzima ya uwanja. Nusu nzima! Yeye akiwa kule ng'ambo, Lonnie wa pili alikuwa ndiyo kwanza anaikaribia kona ya nne, na wengine wako nyuma yake. Watu walisimama. Na mimi, Mungu anisamehe, nilikuwa naomba moyoni: asigeuze mtu, asigeuze mtu.

Raundi ya sitini na moja, Denzil akampita Gaylon katika kona ya pili, akimwacha nyuma kwa raundi nyingine nzima. Hakumgusa. Gaylon alishtuka tu, gari likageuka, likasimama limekingama barabara, mlango wake ukielekea kule magari yanakotoka.

Moja. Nilisema, ni Gaylon huyu, ataondoka.

Mbili. Niliuona mkono wake unahangaika kwenye ufunguo. Sikusikia injini.

Tatu. Nikatazama ng'ambo. Denzil yuko peke yake kwenye barabara nyeupe, hakuna mtu mbele wala nyuma.

Nne. Nikainua njano.

Lonnie alikuwa anapita chini ya miguu yangu wakati huohuo. Nililiona paa la gari lake. Dereva akishapita chini ya kizimba haoni tena bendera, na kona ya pili imejificha nyuma ya tuta, huijui mpaka umeshaingia. Nilipiga kelele. Nilipiga kelele kwa mtu aliyevaa helmeti ndani ya gari lisilo na bomba la kupunguza sauti.

Sitaandika mlio wa kugongana.

Walichukua dakika arobaini kumtoa. Gaylon alikuwa anaongea, hilo niliambiwa, alikuwa anauliza kama amemharibia Lonnie gari. Nyonga imevunjika, na paja mahali pawili. Lonnie alikaa kwenye majani na helmeti yake kichwani, hataki kuivua.

Halafu gari la wagonjwa likaondoka, wakafagia, wakajipanga, nikapunga kijani. Denzil ameshinda.

Katika daftari la Hobart nimeandika: "Raundi ya 61. Gari la Musick lilizima kona ya pili. Njano ilitolewa mara moja." Mwandiko ni mzuri kuliko wa siku zote.

Jumatatu, 14 Julai

Kiwandani nimepima. Mashine yangu inashona kidole cha soksi kwa sekunde nne. Nimekaa saa nane nzima naitazama.

Alhamisi, 17 Julai

Nimekwenda hospitali. Nilizunguka maegesho mara tatu kabla ya kuingia. Gaylon amelala mguu juu, umefungwa vyuma, uso umekuwa mdogo.

"Hee, bibie! Umeniletea nyanya? Zamu yako sasa."

Nilikuwa nimemletea biskuti. Akala moja kwa taabu.

"Ningeondoka, unajua," akasema. "Ufunguo nilikuwa nimeushika. Basi tu, haukutaka."

"Najua."

"Wanasema ulitoa bendera hapohapo. Asante, Arvella. Ungechelewa kidogo, yule kijana angekuja na moto wake wote. Ningekuwa marehemu."

Nikaitika. Nikamwekea mto vizuri. Kwenye ngazi nilikaa chini, muuguzi akanishika bega akidhani nimefiwa.

Jumapili, 20 Julai

Denzil amekuja kunikatia majani bila kuombwa. Alipomaliza alikaa kibarazani, nikampa chai ya baridi, akainywa yote.

"Nilipotoka kona ya pili nilimwona kwenye kioo," akasema.

"Nani?"

"Gaylon. Amekingama. Nikajua basi, imekwisha, mwanya wangu unakwenda. Nikakutazama kule ng'ambo. Bendera ilikuwa chini." Akazungusha barafu kwenye glasi. "Nikapita upande wote ule, bado iko chini."

Nikaliweka jagi la chai chini.

"Nakwambia asante, dada. Sitasema tena. Baba angefurahi."

"Denzil, mtu amevunjika."

"Aliyemvunja ni Lonnie. Lonnie hakuwa anatazama." Akasimama, akanibusu utosini kama alivyokuwa akifanya mama. "Mbio tisa zimebaki kabla ya Septemba kwisha. Tukaze hivyohivyo."

Alisema "tukaze". Nimefunga mlango wa mbele na wa nyuma, mchana kweupe. Nimemlea kijana huyu tangu ana miaka tisa na leo nimemwogopa.

Jumamosi, 26 Julai

Lonnie hakuja. Njano tatu, zote nimetoa upesi. Denzil wa pili. Alinitazama.

Jumamosi, 2 Agosti

Lonnie amekuja uwanjani bila gari. Alikuwa amekonda, shati linamning'inia. Alinisubiri chini ya ngazi akiwa amevua kofia.

"Bi Arvella, naomba nikuulize kitu. Ulipopunga siku ile, mimi nilikuwa wapi?"

"Unaikaribia kona ya nne," nikasema. Ulimi wangu wenyewe ulisema.

"Basi ningeiona." Akaikunja kofia mara mbili. "Kila mtu ananiambia ilitoka hapohapo. Nimejaribu kukumbuka. Nafumba macho nakuona umesimama, mikono mitupu. Nilikuwa naangalia nini mimi? Mke wangu ananiuliza, baba ananiuliza. Sijui niwaambie nini."

"Jua," nikamwambia. "Jua lilikuwa machoni pako."

Akaikunjua kofia. "Labda," akasema. "Asante, mama."

Huo ni uongo wa pili, na huu nimeutoa kwa mdomo, mtu akiwa amesimama mbele yangu. Nilikuwa nikimwona Lonnie mtu wa majivuno. Mtu wa majivuno haulizi hivyo.

Jumanne, 5 Agosti

Nimekwenda kwa Hobart nimwambie. Nilianza: "Mzee, ile siku ya Gaylon." Akanikatiza kwa mkono.

"Daftari linasema mara moja. Nimelisoma, nimelishukuru. Kama lingesema vingine, ningeufunga uwanja huu na kujifungia nyumbani." Macho yake yalikuwa yamelowa. Nikaomba maji nikaondoka.

Jumamosi, 9 Agosti

Lonnie amerudi kukimbia. Mke wake alisimama kwenye uzio akiwa amefumba macho raundi zote themanini. Lonnie alikuwa anapunguza kila akifika kona ya pili, hata pakiwa patupu.

Jumamosi, 16 Agosti

Njano tatu. Siwezi kula kabla ya kupanda wala baada ya kushuka.

Jumamosi, 30 Agosti

Njano sita. Denzil wa tano. Alinisubiri garini kwangu.

"Unanifanyia makusudi?"

"Naogopa, Denzil."

"Ogopa vizuri basi. Sote wawili tunajua unaweza kusubiri ukitaka."

Nimeelewa. Hakuna haja ya kunitishia kwa maneno mengine.

Jumamosi, 13 Septemba

Mvua. Sikulala. Zamani mvua ilikuwa inanipa usingizi.

Jumamosi, 20 Septemba

Mbio za mwisho. Denzil na Lonnie walikuwa sawa kabisa kwa pointi za msimu. Zile wiki mbili Lonnie alizokaa nyumbani ndizo zilizomfikisha Denzil pale. Atakayemaliza mbele ya mwenzake anachukua koti.

Asubuhi Twila amepigilia msumari. Kaniambia kwenye simu, anacheka.

Mpaka raundi ya sabini na nne mambo yalikuwa yaleyale ya Julai. Denzil mbele, mwanya robo ya uwanja na unakua. Lonnie wa pili, matairi yamekwisha, gari linateleza kila kona. Zikibaki raundi sita, hakuna wa kumfikia mdogo wangu. Kila alipopita chini yangu aliinua kidole kimoja kutoka kwenye usukani. Sijui kama alikuwa ananisalimu au ananikumbusha.

Kijana mmoja wa gari la bluu, mgeni wa mwaka huu, akageuza kona ya pili. Mahali palepale. Akasimama amekingama.

Sikuhesabu. Nilishtuka kuona njano inapepea juu ya kichwa changu na mkono ni wangu.

Na yule wa gari la bluu, Bwana wee, akawasha akaondoka. Palepale! Kabla Lonnie hajafika hata kona ya nne, barabara ilikuwa tupu, safi. Njano yangu ilikuwa ya bure kabisa. Uwanja mzima ulipiga ukelele kama mtu mmoja aliyechomwa moto. Lakini bendera ikishatoka haimezwi. Wakapunguza, wakajipanga pua kwa mkia, Denzil mbele, Lonnie nyuma yake. Raundi tatu za polepole, nikiwa nimeshika kijani na jasho linanitiririka mgongoni. Denzil alipita chini yangu mara tatu na mara tatu hakuinua uso.

Nikashusha kijani. Lonnie akachomoka. Walipofika kona ya kwanza alikuwa ubavuni, kona ya tatu alikuwa mbele. Raundi zilizobaki hazikutosha.

Niliposhuka, Denzil alikuwa anakuja mbio, helmeti mkononi, na watu wengi nyuma yake: Twila, Hobart na fimbo yake, mafundi, na Lonnie aliyekuwa anaitwa akapigwe picha na koti, akaja kwanza aone kuna nini.

"Aliondoka mwenyewe!" Denzil alikuwa analia, machozi yanachora njia kwenye vumbi la uso wake. "Aliondoka mwenyewe, Arvella! Kwa Gaylon ulisubiri! Ulisubiri siku ile mpaka nikakaribia kumaliza upande mzima wa ng'ambo! Leo ungeshindwa nini?"

Akasikia alichosema. Nilimwona anasikia. Twila akaweka mkono mdomoni.

Hobart alinitazama, akangoja nikatae.

Lonnie akasogea. Koti jekundu walikuwa wamemtundika begani, bado lina karatasi ya dukani.

"Ulisubiri?" akaniuliza.

"Ndiyo."

"Jua halikuwa machoni pangu."

"Hapana. Ulikuwa unapita chini yangu nilipoinua. Usingeweza kuona."

"Ulisubiri kiasi gani, Bi Arvella?"

"Nilihesabu mpaka nne."

Akageuka akaitazama kona ya pili. Nilidhani atanipiga, na ningemwacha. Badala yake akaanza kuhesabu, kwa sauti, taratibu, kama mtu anayemfundisha mtoto.

"Moja."

Mtu mmoja nyuma alikohoa.

"Mbili."

Sekunde nne ni ndefu sana. Sikujua zilikuwa ndefu hivyo mpaka niliposimama ndani yake na watu wote wale.

"Tatu."

"Nne."

"Ningesimama," akasema. "Kwenye mbili ningekuwa nimeshapunguza." Na akachuchumaa pale kwenye changarawe akalia kwa kwikwi, mkewe akapita katikati ya watu akamkumbatia kichwa. Walilia wote wawili. Sijui kama ilikuwa hasira. Ilisikika kama watu waliotua mzigo.

Denzil ameondoka peke yake kwa miguu, gari lake kaliacha uani.

Nilimwomba Hobart daftari. Chini ya raundi ya 61 nimekata maneno "mara moja" kwa mstari mmoja, yanasomeka bado, nikaandika juu yake: "baada ya sekunde nne, kwa ajili ya ndugu yangu." Nikatia saini. Hobart alilisoma akiwa amesimama. Hakunifokea. Alikusanya bendera zangu moja moja, kijani, njano, nyekundu, akazikunja chini ya kwapa, akapanda ngazi mwenyewe na nyonga yake ile mbovu kwenda kufunga kizimba.

Jumapili, 21 Septemba

Naandika ndani ya gari, mbele ya nyumba ya Gaylon. Sijaenda kanisani. Gaylon alirudi kutoka hospitali wiki iliyopita. Wamemjengea njia ya mteremko mlangoni, mbao bado mpya. Daftari la Hobart liko kwenye kiti pembeni yangu. Amenipa kwa siku moja.

Sijui kama mtu ameshamwambia. Nafikiri hapana, maana pazia limesogea na mlango unafunguliwa, na anatoka na fimbo zake mbili, anaburuta mguu, anacheka. Anauliza kwa sauti kubwa nimemletea nini.

Nalichukua daftari kitini. Nashuka kabla sijaanza kuhesabu.